Diatomaiti ya uso: maji kwanza, unga baadaye

Kama unatumia unga wa diatomaiti kusugulia uso, anza na maji kwenye bakuli, ndipo unyunyize unga juu yake taratibu mpaka upate uji mzito. Ukianza na unga ukaumwagia maji, unafumka, na vumbi lake ndilo la kuogopa kuliko kitu kingine chochote hapa. Unga huu, kama ule unaochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil nchini Kenya, ni magamba ya silika (madini yaliyomo kwenye mchanga na kioo) ya mwani wadogo wa ziwani wa zamani sana, na mapafu hayautaki.

Magamba hayo yamejaa vitundu, na vitundu hivyo ndivyo vinavyofyonza mafuta ya ngozi. Mimi nilikuwa nauchanganya na mafuta ya nazi, nikashangaa uso unabaki uleule: vitundu vilikuwa vimeshajaa mafuta ya nazi! Tumia maji matupu. Sugua kwa ncha za vidole, polepole, usizidishe dakika moja, kisha suuza kabla haujakauka usoni.

Ngozi kavu haufai, utaikausha zaidi. Chunusi zilizopasuka au uso ulionyolewa leo, acha kabisa, punje zinakwaruza. Na usinunue ule wa kuchujia maji ya bwawa la kuogelea hata ukiwa bei rahisi: huo mara nyingi umechomwa kwa joto kali, na sehemu ya silika yake imegeuka fuwele, ambazo ni hatari zaidi ukizivuta kwa pumzi. Kwenye lebo ya kipodozi tafuta jina Solum Diatomeae.