Betri za ndani ya gari la kulala: namna ya kuzichagua na kuzitunza

Mtu wa Lubumbashi anayeweka kitanda na friji ndani ya Hiace ili familia yake iweze kulala safarini, iwe ni kwenye njia ya Kasenga kuelekea Luapula au huko Kundelungu karibu na maporomoko ya Lofoi, anahitaji betri nyingine kabisa, tofauti na ile inayowasha injini. Betri ya kuwasha injini ina sahani nyembamba za risasi, zinazotoa umeme mwingi kwa sekunde chache kisha kujazwa mara moja na alternata, yaani jenereta inayozungushwa na injini. Ukiilazimisha kulisha friji usiku kucha, sahani hizo huharibika baada ya mara chache tu. Betri ya ndani inapaswa kuwa ya kutumika polepole na kwa kina, yenye sahani nene, au iwe ya lithiamu.

Kabla ya kwenda dukani, kaa na karatasi na uhesabu matumizi ya siku moja. Friji ndogo ya kompresa ya wati 45, ikizunguka kwa jumla ya saa 10 kwa siku, inakula wati-saa 450. Feni ya wati 25 kwa saa 8 za usiku ni 200, taa za wati 10 kwa saa 5 ni 50, na simu tatu kwa wati-saa 15 kila moja ni 45. Jumla ni wati-saa 745, na ukizigawa kwa volti 12 unapata takriban ampea-saa 62, kipimo cha umeme ambao betri huhifadhi. Kwa sababu umeme fulani hupotea kwenye nyaya na vifaa, mimi huhesabu 75. Ukitaka kukaa siku mbili bila jua wala injini, unahitaji ampea-saa 150 unazoweza kuzitumia kweli. Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yenye uzito, kwa sababu betri ya risasi haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo utanunua ya 300, wakati betri ya lithiamu hukubali kutumika hadi asilimia 80 au zaidi, kwa hiyo ya 200 itakutosha.

Hata hivyo, swali ambalo watu wengi hulisahau, na ambalo kwa maoni yangu linapaswa kutangulia aina ya betri, ni hili: itajazwa na nini? Betri mbili za kwanza za familia yetu zilikuwa za risasi na maji, nzuri, nzito, na zilikufa ndani ya miezi minane. Siku nilipofungua vifuniko na kumulika ndani kwa tochi, niliona maji yameshuka chini ya ncha za sahani, na sahani zenyewe zimefunikwa na ukoko mweupe kama chokaa. Multimita, kifaa cha kupimia umeme, ilionyesha volti 12.5, namba ya kutia moyo, lakini nilipowasha friji ilishuka hadi 10.8 katika dakika chache. Ukoko ule ni salfeti ya risasi, ambayo hujengeka na kuwa ngumu betri inapoachwa siku nyingi bila kujazwa hadi mwisho. Betri zetu ziliuawa na njaa. Kila safari tuliziacha katikati, tukiamini kwamba kuendesha gari kidogo kumezishibisha.

Kuendesha gari hakuzishibishi. Kutoka Lubumbashi hadi Likasi ni kilomita 120 hivi. Kama safari hiyo inachukua saa mbili na chaja yako inatoa ampea 30, utapata ampea-saa 60 kwa hali nzuri kabisa, na betri ya risasi hupokea sehemu ya tano ya mwisho polepole mno, kwa saa kadhaa, hata ukiwa na alternata kubwa. Ndiyo sababu nashauri paneli ya sola juu ya paa kwa kila anayetumia betri ya risasi. Paneli ya wati 200 iliyolala bapa kwenye paa lenye joto, ikipata saa tano za jua zuri, hutoa takriban wati-saa 700, yaani inakaribia hesabu yetu bila kuifikia, wakati wati 300 zinaifikia na kubakiza kidogo kwa siku za mawingu ya masika. Kidhibiti chaji, kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri, kiwekwe kulingana na aina ya betri: betri ya risasi yenye maji hutaka volti 14.4 hadi 14.8 wakati wa kujazwa, kisha 13.5 hadi 13.8 za kuitunza ikishajaa, lakini betri ya gel, ambayo asidi yake imegandishwa kama jeli, huumizwa na kiwango hicho cha juu.

Sasa aina zenyewe. Betri ya risasi yenye maji ni ya bei ya chini na hutengenezeka, lakini inataka kuangaliwa kila mwezi, kukaa wima, na kupata hewa. Betri ya AGM, ambayo asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo, haiongezwi maji na huvumilia mtikisiko wa barabara zetu, ila kuishusha na kuiacha tupu huiua vilevile. Betri ya lithiamu ya fosfeti ya chuma ina bei kubwa siku ya kununua, lakini huvumilia kujazwa na kutumika maelfu ya mara, wakati ya risasi huhesabiwa kwa mamia. Haidhuriki ikiachwa nusu, na uzito wake ni mdogo: ampea-saa 200 ni kilo 25 hivi, wakati 300 za risasi ni karibu kilo 90. Haifai kujazwa ikiwa imefika chini ya nyuzi sifuri, jambo ambalo ndani ya gari hapa Lubumbashi, hata usiku wa baridi ya Juni na Julai, si tatizo la kawaida. Ninaongeza, kwa sababu tunaishi Katanga na watu huniuliza, kwamba betri ya aina hii haina kobalti ndani yake. Kobalti ya Kolwezi huingia kwenye aina nyingine za betri za lithiamu. Kama una uwezo wa kulipa mara moja, chagua hii. Kama huna, nunua AGM na paneli nzuri, badala ya lithiamu ya bei ya chini ajabu isiyo na saketi ya ulinzi.

Dukani, nenda na multimita na, ikiwezekana, mizani. Muuzaji mmoja aliwahi kuniambia: «Papa, hii iko betri ya gel ya ampea 100, haiombe maji hata kidogo.» Niliibeba kwa mkono mmoja, na mizani ikasema kilo 15. Risasi haidanganyi, kwani betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 huwa na kilo 27 hadi 30, na iliyo na nusu ya uzito huo haiwezi kuwa na ampea hizo hata kama maandishi yake yamechapwa kwa dhahabu. Tafuta pia tarehe ya kutengenezwa, na pima volti kabla ya kulipa. Ya risasi iliyo chini ya 12.4 imekaa rafuni ikinyauka, kwa hiyo omba nyingine. Ukiunganisha mbili sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ziwe za aina moja, ukubwa mmoja na umri mmoja, kisha chukua chanya kutoka ya kwanza na hasi kutoka ya mwisho ili zifanye kazi sawasawa.

Nyaya nazo zichunguzwe. Ni jambo la kusikitisha kwamba katika mji wa shaba mtu anaweza kununua waya wa alumini uliopakwa shaba juu, lakini hutokea. Kata ncha na ukwangue nyuzi kwa kisu, na ukiona weupe ndani, urudishe. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, ikiwa ya wati 1,000 huvuta karibu ampea 100 kwenye volti 12, na waya mwembamba hupata moto kwa kiwango cha kuyeyusha plastiki yake. Kwa umbali usiozidi mita moja mimi hutumia waya wa milimita mraba 35, na fyuzi ya ampea 125 karibu kabisa na ncha chanya ya betri. Betri ya lithiamu isiunganishwe moja kwa moja na alternata, kwa kuwa hunyonya umeme kwa nguvu hadi alternata ichemke, bali ipitie chaja maalumu ya kutoka betri hadi betri. Kisha ifungwe kwa mkanda imara, maana betri ya kilo 30 inayoruka kwenye shimo la barabara inaweza kumvunja mtu mguu.

Katika utunzaji, kila mwezi kagua maji ya betri za risasi ukiwa umevaa miwani na glovu na umevua pete. Ongeza maji yaliyokenekwa peke yake, usiongeze asidi, na uongeze baada ya betri kujaa, kwa sababu maji hupanda wakati wa kujazwa na yakizidi humwagika. Bomba la kutolea hewa la sanduku lake liwe wazi, kwani betri hizo hutoa haidrojeni, na gesi hiyo huweza kulipuka ikifika takriban asilimia 4 ya hewa. Vumbi jekundu la kiangazi likichanganyika na unyevu wa asidi hupitisha umeme kidogo kati ya ncha mbili na kuimaliza betri taratibu, kwa hiyo futa kwa kitambaa chenye maji na bikaboneti ya soda, vifuniko vikiwa vimefungwa, kisha kausha na upake grisi kwenye ncha. Unapofungua nyaya, anza na hasi. Unapozifunga, hasi iwe ya mwisho.

Ili kujua hali ya betri ya risasi, iache saa kadhaa bila kujazwa wala kutumika kisha upime: volti 12.6 au 12.7 ni kujaa, 12.1 hadi 12.2 ni karibu nusu, na hapo ndipo friji izimwe. Kwa lithiamu njia hiyo haisaidii, kwa sababu volti zake hukaa karibu mahali pamoja hadi zinapoanguka ghafla. Weka kipimo kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Gari likikaa wiki kadhaa bila safari, betri ya risasi iachwe imejaa na paneli ikiwa imeunganishwa, wakati ya lithiamu itenganishwe na kila kitu ikiwa katikati, karibu asilimia 50 au 60, mahali pasipo na joto kali.