Umepewa funguo za fleti Tanga? Anza na maji, mapazia yatangoja

Mwalimu mmoja mstaafu alinipigia simu siku ya tatu baada ya kuhamia fleti yake mpya upande wa Raskazone, ghorofa ya pili. Nikamwamkia, akaitika, "Marahaba mwanangu, njoo uone kabati langu." Nikaenda. Kabati jipya la nguo, la zile mbao za unga wa kushindiliwa, lilikuwa limevimba chini kama mguu wenye matende. Nyuma ya ule ukuta palikuwa na bafu. Maji ya kuoga yalipenya kwenye sakafu ya bafu, yakatembea chini ya marumaru, yakatokea chumbani. Tulitoa kabati, tukavunja marumaru za bafu, tukapiga dawa ya kuzuia maji, tukarudishia marumaru, tukapaka ukuta upya. Na kasoro ile ingejulikana mapema kwa ndoo chache za maji, kitambaa kimoja na siku moja ya kusubiri.

Kazi yangu ni kumalizia nyumba: bomba, marumaru, rangi, na kuwasimamia mafundi wa yale nisiyoyafanya mwenyewe. Karibu kila mwenye fleti mpya ninayekutana naye ameshanunua mapazia kabla hajafungua bomba hata moja. Mimi nafuata mpango huu: maji, umeme, kuta, vyuma, rangi, halafu vyombo. Ukipindua mpango, utalipa mara mbili.

Hatua ya 1: Funguo, mita na majirani

Badilisha silinda ya kitasa cha mlango mkubwa siku hiyo hiyo. Funguo zile zimepita kwa mafundi, dalali na mlinzi, na hakuna ajuaye zimechongwa ngapi.

Nunua umeme kidogo, wa elfu mbili tu, kwa namba ya mita iliyo kwenye fleti. Ingiza tokeni, hakikisha taa zinazowaka ni zako na si za jirani. Katika majengo yenye mita nyingi kwenye ubao mmoja nimeshakuta waya zimepishana, watu wawili wanalipiana umeme mwaka mzima. Kisha soma risiti. Kama kuna deni la mwenye nyumba wa zamani, litaonekana kwenye makato. Kodi ya jengo nayo, tangu 2021, hukatwa humo humo kwenye LUKU, kwa hiyo usishtuke ukipata uniti pungufu.

Kwa upande wa maji, nenda Tanga UWASA ubadilishe jina la akaunti, na upige picha namba za dira, yaani mita ya maji, siku ya kwanza.

Halafu bisha hodi kwa jirani wa juu na wa chini. Katika fleti, dari lako ni sakafu ya mwenzako, na sakafu yako ni dari la mwingine. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inawapa wenye fleti umoja wao wa kusimamia vitu vya pamoja, kama ngazi, paa na bomba kuu. Uliza mapema: mchango ni kiasi gani, pampu ni ya nani, shimo la choo linanyonywa kwa zamu ipi. Utayahitaji majibu hayo kabla ya wiki mbili kuisha.

Hatua ya 2: Maji (usiwe na haraka hapa)

Funga bomba zote ndani ya fleti, choo kikiwa kimeshajaa. Nenda kwenye dira uangalie kile kigurudumu kidogo. Kikizunguka hata polepole, maji yanavuja mahali fulani. Funga koki ya choo uangalie tena. Kikisimama, mgonjwa ni fleshi tangi, na mpira wake haugharimu kitu. Kikiendelea, bomba la ndani ya ukuta linavuja, na hapo mwite aliyekuuzia kabla hujamwita fundi.

Sasa bafu. Chukua kitambaa, kifunge ndani ya mfuko wa nailoni, kisokomeze kwenye tundu la sakafuni mpaka lizibe barabara. Kama mlango wa bafu hauna kizingiti, weka kingo ya udongo wa mfinyanzi au saruji laini mlangoni. Mwaga maji sakafuni yafike kina cha sentimeta mbili hivi. Chora mstari kwa penseli ukutani, pale maji yalipoishia. Funga mlango, rudi kesho saa ile ile.

Maji yakishuka kidogo sana, ni joto. Yameliwa na hewa. Yakishuka kwa upana wa kidole, kuna njia. Usiishie kwenye mstari: shika kwa kiganja kuta za vyumba vinavyopakana na bafu, chini kabisa, pale ukuta unapokutana na sakafu. Panda na ushuke, umwombe jirani wa chini akuonyeshe dari la bafu lake. Mara nyingi dari la jirani ndilo litakalosema kweli kabla ya mstari wako.

Maji yakikaa sawa, zibua tundu, yaache yaende. Hapo unahitaji gololi. Ndiyo, gololi ya watoto. Iweke kwenye pembe ya bafu uiachie. Ikibingirika kuelekea tundu, fundi wa marumaru alifanya kazi yake. Ikienda mlangoni, maji ya kuoga nayo yatakwenda mlangoni kila siku, na hakuna pazia wala mkeka utakaokuokoa. Fanya hivyo pembe zote nne, na uifanye roshani pia, kwa sababu mvua ya masika ikijaa roshani huingia sebuleni.

Ukiwa na gololi mkononi, chukua na sarafu ya shilingi mia mbili. Gonga marumaru moja moja. Iliyoshikana vizuri hulia kavu. Yenye uwazi chini hulia kama debe. Zenye uwazi ziwekee alama ya chaki. Moja au mbili ukutani si neno. Sakafuni pale mguu unapokanyaga, zitapasuka.

Ukikuta harufu mbaya bafuni kwenye fleti iliyokaa tupu, usikimbilie kulaumu chemba. Chini ya tundu kuna kiko kinachotakiwa kuwa na maji ili kuzuia hewa ya shimoni. Fleti ikikaa bila mtu, maji yale hukauka. Mwaga jagi mbili, subiri saa moja. Harufu ikibaki, ndipo umwite fundi bomba.

Kuhusu tangi: maji ya Tanga mjini yanatoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, na hata siku bomba likitoka vizuri ni busara kuwa na akiba. Lakini lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja. Usiweke tangi hilo roshani kwa sababu tu limeenea. Roshani haikuchorwa kubeba gari. Kama jengo lina matangi juu ya paa, panda ukajue lako lipi, na koki yake uiwekee alama ya rangi.

Hatua ya 3: Umeme

Nina ugomvi wa miaka na hita za bafuni, zile za kuchemsha maji papo hapo. Hita ya wati 5,500 kwa umeme wetu wa volti 230 inavuta kama ampea 24. Kwenye fleti nyingi nakuta imechomekwa kwenye waya wa milimita za mraba 2.5, ule ule wa soketi. Waya unapata moto ndani ya ukuta, mpira unalainika polepole, na siku utakaponusa harufu ya plastiki inayoungua utakuwa umejipaka sabuni. Hita ya namna hiyo iwe na waya wake peke yake wa milimita za mraba 6, na breka yake peke yake. Na ikiwa hapa Tanga unaoga maji ya moto wiki mbili tu za Julai, jiulize kama unaihitaji kweli. Mimi sina.

Kwenye ubao wa breka tafuta swichi yenye kitufe kidogo kilichoandikwa T. Ibonyeze. Fleti nzima ikizima, swichi inafanya kazi, irudishe juu. Isipozima, ibadilishwe kabla mtoto hajagusa friji akiwa na miguu mibichi. Ethi, ule waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini, apime fundi mwenye leseni, kwa kipimo, si kwa kukisia.

Vishikio vya pangaboi vitikiswe kwa mkono. Pangaboi linaning'inia juu ya kitanda chako.

Hatua ya 4: Kuta

Kata nailoni angavu, mraba wa nusu mita. Ibandike ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, hewa isipite. Iache mchana na usiku. Ukikuta matone upande wa ndani, unaogusa ukuta, ukuta una maji. Yakiwa upande wa nje, ni hewa yetu ya pwani tu, fungua madirisha.

Ukuta unaotoa unga mweupe una chumvi. Mara nyingi mchanga ulichotwa karibu na bahari, au maji yanapanda kutoka chini. Usiuoshe! Maji huyeyusha chumvi na kuirudisha ndani. Upige brashi kavu, ufagie unga, subiri wiki, upige tena. Rudia mpaka uchoke wewe au uchoke ukuta. Anayekuja na rangi ya mafuta "kuifunga chumvi" anakuuzia malengelenge: maji yaliyo ndani hayatoki, yanasukuma rangi mpaka ibanduke kama ngozi iliyoungua. Wazee waliopaka nyumba zao chokaa walijua ukuta lazima upumue, na sisi tuna mawe ya chokaa tele hapo Amboni.

Plasta mpya ipewe siku 28 kabla ya rangi ya mafuta. Fundi atakwambia siku saba. Ana kazi nyingine inamsubiri.

Hatua ya 5: Vyuma na madirisha

Bahari hula chuma kwa pupa. Skrubu za kawaida kwenye bawaba zitakuwa zimelia kutu kabla ya mwaka. Nunua za shaba, au stenlesi. Kama fleti inatazama maji moja kwa moja, tafuta stenlesi namba 316, ambayo ina molibdeni na inaivumilia chumvi kuliko ile ya kawaida, namba 304. Sumaku haitakusaidia kuzitofautisha, kwa hiyo nunua kwa muuzaji anayekupa risiti yenye namba. Grili isuguliwe msasa hadi chuma king'ae, ipakwe rangi ya kuzuia kutu kwanza, ndipo nyeusi au nyeupe uitakayo. Mashine ya nje ya kiyoyozi ioshwe kwa maji baridi ya bomba kila mwezi.

Dirisha la aluminiamu lina matundu madogo chini ya reli, upande wa nje. Kazi yake ni kutoa maji ya mvua. Wapiga plasta wengi huyaziba kwa saruji bila kujua. Yazibue kwa msumari, kisha mwaga maji kwenye reli uone yanatokea wapi. Anza na madirisha ya upande wa kusi, maana masika huja na upepo huo, na mvua yake hailii paani peke yake, inapiga ubavuni.

Hatua ya 6: Rangi, na vyombo

Juu ya rangi sina mengi. Dari kwanza, kuta baadaye, sakafu ifunikwe. Rangi ya maji inayooshika kwa sebule na vyumba. Bafuni na jikoni iwe ya kuzuia ukungu. Usipake siku ya mvua.

Kabla ya kununua sofa, pima kona ya ngazi. Nimeshashuhudia sofa la watu saba likipandishwa kwa kamba kupitia roshani, mtaa mzima Chumbageni umesimama, waendesha baiskeli wamesimama, kila mmoja anatoa amri yake.

Mtungi wa gesi uwe mahali penye tundu la hewa chini, karibu na sakafu, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutuama. Ukishafunga mpira, paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, kaza upya.

Kabla ya kuita kirikuu la kuhamisha vyombo, lala pale usiku mmoja na godoro tu. Utasikia kama tangi linamwagika saa nane, kama pampu inatetemesha ukuta wa chumbani, na kama choo cha jirani wa juu kinapita juu ya mto wako. Kitanda bado hakijafungwa, bado unaweza kuchagua chumba kingine.

Shangazi watakuja na udi. Waombe wasubiri wiki moja baada ya rangi, maana rangi changa hunasa moshi, na nimeshaitwa kupaka upya dari la sebule lenye duara la hudhurungi pana kama sinia. Chetezo kikae katikati ya chumba, mbali na ukuta, madirisha mawili wazi.