Somo: Jinsi ya kusoma jina la mfalme wa Misri ya kale

Habari za leo ndugu zangu. Tutankhamun tunamjua wote kwa jina hilo. Lakini alikuwa na jina lingine, Nebkheperura, na kwa mtu anayetaka kusoma maandishi ya michoro ya Misri, hilo la pili ndilo lenye faida zaidi. Tutalitumia kama mfano.

Hatua ya 1: Tafuta kitanzi. Ni kamba iliyozungushwa kwa urefu na kufungwa fundo upande mmoja. Kuanzia Nasaba ya 4 (ukoo wa nne wa watawala), zama za mfalme Sneferu, jina la mfalme liliwekwa humo. Kabla ya hapo jina lilikaa ndani ya mchoro wa ukuta wa kasri, juu yake ametua kozi, ndege wa mungu Horus. Mfalme Narmer aliandikwa hivyo, kwa samaki kambare (nar) na patasi (mer).

Hatua ya 2: Angalia nyuso. Wanyama na watu wanatazama upande ambao mstari unaanzia. Bata akitazama kulia, anza kulia.

Hatua ya 3: Soma cheo kilichotangulia kitanzi. Ukiona ndago na nyuki, ni *nesut-biti*, mfalme wa Misri ya Juu (kusini) na Misri ya Chini (kaskazini). Linalofuata ni jina la enzi, alilopewa alipotawazwa. Ukiona bata na duara la jua, ni *sa Ra*, mwana wa Ra, mungu wa jua, na linalofuata ni jina alilozaliwa nalo. Kwa ukamilifu mfalme alikuwa na majina matano. Mengine ni la Horus, la Mabibi Wawili (miungu wa kike, tumbusi Nekhbet na swila Wadjet), na la Horus wa Dhahabu. Hayo matatu yaacheni kwanza.

Hatua ya 4: Rudisha mungu mahali pake. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanakwama, kwa hiyo tutulie kidogo. Kitanzi cha enzi cha Tutankhamun kina duara la jua juu, chini yake mdudu dundu, kisha vistari vitatu, na mwisho kapu. Kwa mpangilio huo ungesoma Ra-kheperu-neb. Lakini mwandishi alimtanguliza mungu kwa heshima tu, ulimi haukumtanguliza. Jua ni Ra, dundu ni kheper (umbo), vistari vitatu ni wingi, kapu ni neb (bwana). Tunasoma Neb-kheperu-Ra. Kitanzi cha pili kinafuata desturi hiyohiyo: mungu Amun ameandikwa mwanzoni, tunamsoma mwisho, Tut-ankh-Amun.

Jina la enzi halikuwa pambo. Barua za udongo zilizopatikana Amarna, Misri, mwaka 1887 zinaonyesha wafalme wa nje wakimwandikia mfalme Amenhotep III kwa jina Nimmureya. Hilo ni Nebmaatra, jina lake la enzi, kwa matamshi yao.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mbona Farao hayumo kwenye majina hayo matano?

Jibu: Marahaba. Neno hilo ni *per-aa*, nyumba kubwa, yaani kasri lenyewe. Ni kama sisi tunavyosema "Ikulu imetoa taarifa". Katika Nasaba ya 18 ndipo likaanza kumtaja mfalme mwenyewe. Wasomaji wa Quran watakumbuka kwamba mtawala wa zama za Yusuf anaitwa mfalme tu, na wa zama za Musa ndiye Firauni.

Swali: Ramses II alijiita "wa pili"?

Jibu: Hapana, namba ni za wanahistoria wa sasa. Wao walitofautishana kwa jina la enzi. Ila kuweni makini: Ramses II ni Usermaatra Setepenra, na Ramses III ni Usermaatra Meriamun. Ukiishia Usermaatra utawachanganya, soma kitanzi mpaka mwisho.

Swali: Na Hatshepsut, mfalme mwanamke, naye aliitwa mwana wa Ra?

Jibu: Tazama karibu na bata kama kuna mkate mdogo wa nusu duara. Hiyo ni herufi t ya kike, hivyo inasomeka *sat Ra*, binti wa Ra. Jina lake la enzi ni Maatkara.

Swali: Mwalimu, nimejaribu picha ya hirizi ya dundu. Kuna jua, ubao wa mchezo wenye kete juu, na dundu. Ra-men-kheper?

Jibu: Umebakiza hatua ya 4 tu. Mpeleke Ra mwisho: Men-kheper-Ra, ndiye mfalme Thutmose III. Lakini usiseme bado kwamba hirizi ni ya wakati wake. Jina hilo liliheshimiwa sana, watu waliendelea kulichonga kwenye hirizi karne nyingi baada ya yeye kufa.