Kutengeneza mbegu chotara ya mahindi matamu ukiwa Nairobi

Utamu wa mahindi unatokana na jeni fichu. Punje haiwi tamu hadi ipokee jeni hiyo kwa mama na kwa baba. Chavua ya mahindi ya kawaida ikitua kwenye unywele mmoja wa gunzi, punje ya unywele huo hujaa wanga msimu huohuo. Ndiyo maana hushauriwa kutenga shamba kwa mita 200 hadi 400. Ruai, Kamulu au Dagoretti umbali huo ni ndoto: jirani kapanda mahindi, na kando ya barabara yapo pia. Hapa kazi ya uzalishaji hufanywa kwa bahasha za kaki, na atakayezizoea hahitaji shamba kubwa.

Amua kwanza aina ya utamu. Jeni ya su ndiyo ya zamani. Sukari yake hugeuka wanga upesi baada ya kuvunwa. Jeni ya sh2 hubeba sukari nyingi zaidi na kuihifadhi kwa siku kadhaa. Kwa kuwa mahindi mengi mjini hulala rafuni kabla ya kununuliwa, tunashauri sh2. Usiwahi kuchanganya hizi mbili: su ukiipandishia sh2, kila mzazi huleta jeni tawala anayoikosa mwenzake, na gunzi zima hutoka na wanga kama mahindi ya githeri. Ukiwa na mbegu usiyoijua, itazame ikiwa kavu. Punje ya su hujikunja na kung'aa kama kioo. Ya sh2 hubonyea sana na ni nyepesi mkononi.

Mahindi matamu mengi yametokana na mbegu za nchi za baridi, na huku kwetu hushindwa na baka jani, ugonjwa wa milia na ule ugonjwa hatari wa virusi unaoua mahindi, MLN, uliothibitishwa Kenya mwaka 2011. Kinga itafute kwenye mahindi ya hapa. Pandisha aina ya sh2 na mahindi ya kienyeji yenye afya. Kizazi cha kwanza chote kitakuwa cha wanga, usivunjike moyo. Kizazi hicho kikichavushwa kwa chavua yake chenyewe, robo ya punje hubonyea: kwenye gunzi la punje 400 tarajia kama 100. Kikirudishiwa chavua ya mzazi mtamu, hubonyea nusu. Sisi tunapendelea kurudisha mara moja, kwa sababu mahindi ya ugali huleta ngozi nene ya punje, na ngozi ngumu huharibu mahindi matamu hata yakiwa na sukari tele. Chagua zilizobonyea tu, upande 150 au zaidi. Dhibiti viwavijeshi, lakini usipulize dawa ya ukungu. Mimea itakayougua ing'oe kabla haijachanua.

Kuchavusha kwa mkono

Funika kila gunzi changa kwa kifuko kidogo cha karatasi kabla nywele hazijachomoza. Ukichelewa hata siku moja, gunzi hilo liache. Plastiki usitumie: hutoa jasho, na chavua iliyolowa hufa. Nywele zikianza kuonekana ndani ya kifuko, kata ncha ya gunzi kwa kisu safi jioni, sentimita moja hadi mbili, kisha ufunike tena. Kesho yake nywele zitakuwa zimeota kwa usawa kama brashi fupi. Jioni hiyohiyo vika mbelewele ya mmea huo bahasha kubwa ya kaki na uibane shingoni kwa stepla, ili chavua ngeni iliyoshikamana nayo ife usiku.

Asubuhi, umande ukikauka, mara nyingi kati ya saa tatu na saa tano, inamisha mbelewele na uitikise ndani ya bahasha. Chavua nzuri ni unga wa manjano unaotiririka. Ikiwa na madonge, imelowa. Vua kifuko cha gunzi, mimina chavua juu ya brashi na ulifunike gunzi mara moja kwa bahasha hiyohiyo. Ibane kuzunguka shina, ukiacha nafasi ya gunzi kunenepa. Andika tarehe na namba ya mmea kwa penseli, kwani wino huoshwa na mvua. Jifute mikono kabla ya kugusa mmea unaofuata.

Rudia hivyo kwa vizazi sita, kila gunzi likipandwa mstari wake. Kwa misimu miwili ya mvua kwa mwaka, hiyo ni miaka mitatu. Mimea itazidi kudhoofika na kufupika, ni kawaida. Itakayokataa kuzaa kabisa iache iende. Katika kila mstari chavusha mimea minane: magunzi matatu ya kuonja siku ya 21 hivi baada ya kuchavusha (kukiwa na baridi ongeza siku chache), matano ya mbegu. Usionje magunzi yasiyofunikwa, kwa sababu utakuwa unaonja chavua ya jirani. Refraktomita, kifaa cha kupima sukari kwenye maji ya punje, inasaidia, ila linganisha su na su, sh2 na sh2. Su ina wanga unaoyeyuka kwenye maji na kupandisha kipimo bila kuongeza utamu. Ngozi ipime kwa meno: ikibaki mdomoni baada ya kumeza, mstari huo hautafaa.

Baada ya hapo pandisha koo zako safi, yaani mistari iliyobaki, mbilimbili. Koo tano hutoa machotara kumi. Yapande yote marudio matatu, pamoja na aina moja ya dukani ya kulinganishia, kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 25. Pima uzito wa magunzi yaliyomenywa na uhesabu yaliyojaa hadi nchani. Ncha tupu ndiyo hukataliwa sokoni.

Chotara bora akipatikana, zalisha mbegu yake kwa kupanda Januari kwa umwagiliaji. Itachanua Machi, wakati mahindi ya vuli ya majirani yameshapita na ya masika hayajachanua. Udongo wenye joto pia unaifaa sh2, ambayo huota kwa shida kwenye baridi ya Julai. Ipande kina cha sentimita 2.5 tu. Weka mistari minne ya mama kwa mmoja wa baba. Ng'oa mbelewele za mama kila siku kabla hazijamwaga chavua, bila kung'oa majani, kwani kila jani linalopotea hupunguza mbegu. Kausha magunzi kivulini penye upepo, si juu ya mabati ya moto, hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 12. Ukitaka kuiuza kama mbegu, lazima kwanza ipitie majaribio yanayosimamiwa na KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea na mbegu.