Chaza wa kufugwa: angalia msimu wa maji walikotoka

Nawaandikia wapishi na wenye hoteli ndogo hapa Nairobi, maana oda za Desemba zimeanza.

Hatua ya 1. Uliza chaza wamefugwa wapi na wamevunwa lini. Muuzaji asiyejua, achana naye. Desemba sisi tunaota jua, lakini Ufaransa na Ireland ni baridi, na huo ndio msimu wa norovirusi, wale wa kutapika na kuhara. Watu wanaugua kwa wingi, maji taka yanaingia baharini, na chaza anachuja maji kutwa kucha. Kwenye maji baridi virusi hudumu zaidi, na chaza naye hujisafisha polepole.

Hatua ya 2. Chaza wa pwani yetu, fuata mvua. Masika au vuli ikimwaga, mitaro na vyoo huishia mikokoni. Subiri.

Hatua ya 3. Pika kwelikweli. Mpasue chaza, utaona fundo la kijani lililokolea ndani ya nyama. Hilo ndilo tumbo, na virusi hujikusanya hapo. Nyama ya ndani ifike nyuzi 90 za selsiasi, ikae hivyo sekunde 90. Ganda kufunguka si dalili ya kuiva! Mwaka 1988 kule Shanghai, karibu watu 300,000 walipata homa ya ini A kwa kula kombe wasioiva.

MASWALI

Mwalimu, muuzaji wangu huwalaza kwenye tangi la maji safi siku mbili. Haitoshi?
Kwa bakteria wa kinyesi inasaidia sana. Norovirusi hunata tumboni, wanaweza kukaa wiki kadhaa.

Ndimu na pilipili je?
Haziui virusi, dada. Wala friza haiui.

Nasikia Ufaransa chaza wanakufa kwa herpesi. Itatupata?
Hapana. Hao ni virusi vya chaza wenyewe, aina iliyozuka huko 2008. Huua hasa wachanga, maji yakipanda kupita nyuzi 16, yaani baridi ikiisha. Mfugaji anaweza kupoteza karibu vifaranga vyote kwa siku chache, inauma, ila binadamu haambukizwi.

Mteja wangu anataka mbichi tu, na ni Krismasi.
Mkatalie kwa heshima, kaka, mpe wa kuoka kwa siagi na kitunguu saumu. Mimi mbichi siandai Novemba hadi Machi. Mjamzito, mzee au mwenye ugonjwa wa ini simpi mwezi wowote.