Namna ya Kufuatilia Fainali ya Kuruka Juu na Kumtambua Bingwa Asiyetarajiwa

Mtazamaji wa Dar es Salaam anayefuatilia fainali ya kuruka juu ya wanaume kwenye runinga hukutana na kero moja: kamera huhamia kwenye mbio kila mara, na zinaporudi kwenye godoro, kigogo ameshatolewa na anayeongoza ni mtu ambaye hakuna mtangazaji aliyemtaja tangu mwanzo. Dawa ya kero hiyo ni daftari na kalamu, ambavyo pia havitegemei umeme.

Chora jedwali lenye majina ya warukaji upande wa kushoto na vimo vya ufito upande wa juu. Mruko uliofaulu uandikie duara, kosa uliandikie X, na mrukaji akiamua kukipita kimo bila kukijaribu, weka kistari; hizo ndizo alama wanazotumia waamuzi wenyewe. Kama hukuona vizuri, subiri bendera: nyeupe ni halali, nyekundu ni kosa. Ufito unaotikisika na kubaki mahali pake hauna kosa lolote, hata kama mrukaji ameugusa.

Makosa matatu mfululizo humtoa mrukaji, na hapa ndipo watazamaji wengi hupotea, kwa kuwa makosa hayo si lazima yawe ya kimo kimoja. Aliyekosea mara moja kwenye mita 2.30 anaweza kuacha majaribio yaliyobaki na kusubiri mita 2.33, lakini huko atakuwa na nafasi mbili tu. Ukiona X ikifuatwa na vistari, ujue mtu huyo anacheza kamari.

Kabla ya fainali, watangazaji hutaja kimo bora cha kila mrukaji maishani mwake. Kiandike pembeni, lakini usikiamini sana. Kwenye Olimpiki ya Roma ya mwaka 1960, John Thomas wa Marekani alifika akiwa na rekodi ya dunia ya mita 2.22, akaishia mita 2.14 na medali ya shaba. Robert Shavlakadze na Valeriy Brumel wa Muungano wa Kisovieti walivuka mita 2.16 wote wawili, na dhahabu ikamwendea Shavlakadze kwa sababu ya hesabu ya makosa.

Hesabu hiyo ndiyo roho ya jedwali lako. Wakifungana, tazama kwanza nani ana makosa machache kwenye kimo cha mwisho walichovuka. Wakiwa sawa, jumlisha makosa yote tangu mwanzo hadi kimo hicho. Kwa hiyo X moja ya uzembe kwenye kimo chepesi, ambayo mtangazaji aliipita bila neno, inaweza kuamua rangi ya medali saa mbili baadaye. Binafsi naona daftari lenye maduara matupu hadi mita 2.30 linatisha kuliko rekodi yoyote ya zamani.

Thomas mwingine, Donald wa Bahamas, alikuwa upande wa pili wa maajabu hayo kwenye mashindano ya dunia ya Osaka, Agosti 2007. Alitoka kwenye mpira wa kikapu na alikuwa ameruka kwa chini ya miaka miwili, miguu ikichezacheza hewani kama ya mtu anayeendesha baiskeli, huku mpinzani aliyetazamwa na wengi akiwa Stefan Holm wa Sweden, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 2004 na fundi wa kila hatua. Holm alikomea mita 2.33 na nafasi ya nne. Thomas, Yaroslav Rybakov wa Urusi na Kyriakos Ioannou wa Cyprus walivuka mita 2.35 wote watatu, na kilichowapanga ni makosa tu. Aliyetazama vimo vitupu asingejua kwa nini Mbahama huyo anashangilia. Mwenye jedwali alikuwa na jibu mkononi.

Makosa nayo yakilingana, wanaowania nafasi ya kwanza wanaweza kugawana dhahabu, kama walivyofanya Mutaz Barshim wa Qatar na Gianmarco Tamberi wa Italia kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 kwa mita 2.37, au waendelee kuruka. Wakiendelea, anza mstari mpya: kila mmoja hupewa jaribio moja kwa kila kimo, ufito unashushwa sentimita mbili wote wakikosa na kupandishwa sentimita mbili wote wakivuka. Kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Hamish Kerr wa New Zealand na Shelby McEwen wa Marekani walikuwa wameshavuka mita 2.36, lakini mruko uliompa Kerr dhahabu ulikuwa wa mita 2.34. Kwenye safu ya matokeo, hata hivyo, mwandikie 2.36, kwa maana kila mrukaji huandikiwa kimo cha juu kabisa alichovuka, ikiwemo miruko ya kuvunja sare.