Anameza vidonge, damu haipandi: VHT mwenzangu, fanya hivi

Nilipoanza kazi ya VHT, yaani mhudumu wa afya wa kijiji, huku Busia, Uganda, niliwagombeza wajawazito wakisema wanameza vidonge vya kuongeza damu ilhali damu iko chini. Nilidhani wananidanganya. Siku moja nikakaa na mmoja mpaka saa ya kumeza: kidonge mdomoni, halafu kikombe kizima cha chai ya rangi. Kumbe hakuwa mwongo.

1. Mtazame, kisha apimwe. Vuta kope ya chini taratibu. Ndani pakiwa peupe, au viganja vimepauka, ni dalili, ila macho hayatoi namba. Kipimo cha damu cha kituoni kikisoma chini ya gramu 11 za hemoglobini kwa desilita, ana upungufu wa damu; chini ya 7 ni hatari. Anayehema hata akiwa ameketi, tafuta boda siku hiyohiyo.

2. Usimuulize "unameza?" Kila mtu atajibu ndiyo. Sema, "Mama, hebu nionyeshe," kisha hesabu vilivyobaki mkebeni. Dozi ya kawaida ni miligramu 60 za madini ya chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku. Chai na kahawa hukamata chuma tumboni kisiingie mwilini, kwa hiyo zikae mbali na kidonge, na mbali na chakula pia, angalau saa moja kabla na baada. Ameze kwa maji, ale na chungwa au embe. Kikimchefua, ameze usiku baada ya kula. Na umwambie mapema kwamba choo kitakuwa cheusi. Nimewahi kuvikuta vidonge vimetupwa chooni kwa hofu hiyo tu.

3. Ingia jikoni. Mukene, yaani dagaa, ni rahisi kuliko nyama. Uoshe kwa maji ya vuguvugu mpaka mchanga uishe, ukaange mkavu, utwange, kisha koroga vijiko viwili kwenye mchuzi wa karanga au maharage. Dodo, yaani mchicha, nayo ipikwe. Limau likamuliwe sahani ikishatengwa, maana moto huua vitamini C. Soda nyekundu haiongezi damu, hata iwe nyekundu namna gani.

4. Ziba panapovuja. Malaria na minyoo hula damu unayoihangaikia. Fansidar, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria, huanza wiki ya 13 ya mimba, dozi zikipishana mwezi au zaidi. Dawa ya minyoo baada ya miezi mitatu ya kwanza. Neti kila usiku. Akiwa na vidonge vya foliki vya miligramu 5 alivyonunua dukani, mpeleke kwa mkunga kwanza, kwa sababu hupunguza nguvu ya Fansidar.

5. Ongea na mama mkwe. Mara nyingi yeye ndiye anayepakua. Nikikuta mjamzito anatafuna udongo, simcheki; hamu hiyo yenyewe huweza kuwa dalili ya chuma kupungua. Humwambia mama mkwe, "Mama, huyu anatafuta kitu mwilini. Leo mpakulie mukene wewe kwanza, chai mtakunywa baadaye." Wengi hukubali, wakinung'unika kidogo kuhusu chai.